Kumuuguza ndugu katika hospitali ya rufaa: mwongozo kuanzia barua ya rufaa hadi kliniki ya marudio

Mgonjwa anapopewa rufaa ya kwenda hospitali ya kanda au ya taifa, familia nyingi hushusha pumzi zikiamini kwamba sehemu ngumu imekwisha, kwa kuwa sasa mgonjwa anakwenda kwa mabingwa. Imani hiyo ina ukweli nusu. Hospitali ya Taifa Muhimbili, KCMC ya Moshi, Bugando ya Mwanza, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya na Benjamin Mkapa ya Dodoma zina wataalamu na mashine ambazo hospitali ya wilaya haina, lakini ndani ya hospitali hizo mgonjwa mmoja hupita katika mikono ya watu wengi: daktari wa dharura, daktari anayesomea ubingwa, bingwa anayeongoza raundi, daktari wa usingizi, wauguzi wa zamu ya asubuhi, ya jioni na ya usiku, mtaalamu wa maabara na mfamasia. Kila mmoja anaijua sehemu yake. Hatari huzaliwa pale taarifa zinapotoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, na mara nyingi mtu pekee aliyeshuhudia safari yote ni ndugu anayeuguza. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake, kwa kufuata mazingira ya Tanzania Bara.

Kuna jambo la kuwekwa sawa mapema. Mitaani husemwa kwamba hospitali fulani kubwa "ukienda hurudi", na usemi huo umewafanya watu wachelewe kwenda hadi hali ikawa mbaya kweli. Hospitali ya rufaa hupokea wagonjwa ambao ngazi za chini zimeshindwa kuwatibu, wengi wao wakiwa wamechelewa, na kwa hiyo idadi ya vifo vyake haiwezi kulinganishwa na ya kituo cha afya kinachotibu malaria ya kawaida. Ukitaka kupima uwezo wa hospitali kwa tatizo la ndugu yako, uliza timu husika inafanya upasuaji au tiba ya aina hiyo mara ngapi, na wagonjwa wenye hali kama yake kwa kawaida huendeleaje baada ya miezi kadhaa. Ni swali halali, na daktari anayejiamini hatalichukia.

Hatua ya 1: Isome barua ya rufaa kabla gari halijaondoka

Barua ya rufaa ndiyo sauti ya hospitali mliyotoka. Hakikisha imetaja ugonjwa unaoshukiwa, vipimo vilivyofanyika pamoja na majibu yake, sababu ya kumpeleka mgonjwa mbele, na namba ya simu ya daktari aliyeandika. Zaidi ya yote, hakikisha imetaja dawa alizopewa, kipimo chake na saa aliyopewa. Saa ndiyo husahaulika kuliko vyote. Chukua mfano wa mama mjamzito mwenye kifafa cha mimba aliyechomwa magnesiamu salfeti katika hospitali ya wilaya: dawa hiyo huanza kwa dozi kubwa kisha hurudiwa, na katika utaratibu wa sindano za misuli hurudiwa kila baada ya saa 4. Dozi ikizidi, inaweza kudhoofisha upumuaji. Ikikosekana, degedege hurudi. Daktari anayempokea usiku bila kujua sindano ya kwanza ilichomwa saa ngapi analazimika kubahatisha kati ya hatari hizo mbili. Kama barua haina saa, mwombe muuguzi aiandike, na wewe iandike pia katika daftari lako.

Kwa dharura za wajawazito, za mama aliyejifungua na za mtoto mchanga, usafiri huombwa kupitia mfumo wa m-mama kwa kupiga 115 bila malipo.

Uliza pia ni wapi hasa mnakopelekwa. Mtu akisema "tunampeleka Muhimbili", anaweza kuwa anamaanisha Hospitali ya Taifa yenyewe, Taasisi ya Mifupa MOI au Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, ambazo zote zipo eneo moja la Upanga, au hata Mloganzila, ambayo iko mbali nje ya katikati ya jiji upande wa Barabara ya Morogoro. Taasisi ya Saratani Ocean Road nayo iko mahali pake karibu na bahari. Majeruhi wa bodaboda mwenye jeraha la kichwa hana muda wa kuzungushwa kutoka lango moja hadi jingine.

Hatua ya 2: Funga mfuko wa nyaraka na wa dawa

Weka katika mfuko mmoja barua ya rufaa, kadi ya bima au vielelezo vya msamaha wa malipo, majibu yote ya vipimo, picha za eksirei na za CT pamoja na diski zake, na kadi za kliniki za zamani. Katika mfuko wa pili weka dawa zote anazotumia mgonjwa, zikiwa katika pakiti zake. Usiziache nyumbani kwa kudhani kwamba "huko watampa nyingine", kwa sababu mgonjwa wa kisukari, shinikizo la damu, kifafa au VVU akikosa dawa zake kwa siku kadhaa wakati anatibiwa jambo jingine, tatizo la pili huzidi la kwanza.

Mitishamba nayo itajwe. Wengi huificha kwa hofu ya kukaripiwa, na ni kweli kwamba wapo watumishi wanaokaripia. Hata hivyo baadhi ya dawa za asili huathiri figo na ini au huifanya damu ichelewe kuganda, na daktari wa upasuaji asiyejua hilo atashangazwa na damu isiyokata akiwa ameshashika kisu. Sema kwa lugha ya kawaida: "Daktari, alikunywa dawa ya mizizi kwa wiki mbili, mara ya mwisho ilikuwa juzi."

Hatua ya 3: Idara ya dharura, sema yale yanayopima uzito wa hali

Idara ya dharura ya Muhimbili, iliyofunguliwa mwaka 2010 ikiwa ya kwanza nchini ya namna yake, huwapanga wagonjwa kwa uzito wa hali, na hospitali nyingine kubwa hufanya vivyo hivyo. Aliyewahi kufika si lazima awe wa kwanza kuonwa, na hilo si upendeleo. Muuguzi anayepanga wagonjwa anataka mambo machache: tatizo lilianza lini, limebadilikaje, mgonjwa anajibu anapoitwa au hajibu, alikojoa mara ya mwisho lini, ana mzio wa dawa gani. Historia ndefu ya jinsi mlivyohangaika itasubiri.

Mgonjwa wa dharura anapaswa kuanza kuhudumiwa huku taratibu za malipo zikiendelea. Malipo yote ya hospitali ya serikali hupitia namba ya kumbukumbu ya malipo, na risiti hutolewa. Mtu yeyote anayetaka fedha mkononi ili "akusaidie kuharakisha" hakusaidii. Kama familia haina uwezo, omba mapema, tangu siku ya kwanza, kuonana na ofisa ustawi wa jamii wa hospitali, kwa sababu sera ya misamaha inawahusu wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, wajawazito, watoto wa chini ya miaka 5 na wasiojiweza, lakini uchunguzi wa hali ya familia huchukua muda na ni vigumu kuufanya siku ya kuondoka.

Hatua ya 4: Wodini, chagueni msemaji mmoja na fungueni daftari

Ndugu wakiwa sita, kila mmoja akamuuliza daktari tofauti swali tofauti, jioni familia itakuwa na majibu sita yanayogombana, na huenda kila jibu lilikuwa sahihi kwa saa lilipotolewa. Chagueni mtu mmoja anayepokea taarifa na kuzifikisha kwa wengine. Si lazima awe mkubwa kwa umri. Awe anayeweza kufika mara kwa mara, anayeandika, na asiyeona haya kusema kwamba hajaelewa.

Daftari lenyewe ni la kawaida, la shule. Kila siku andika tarehe, jina au cheo cha aliyezungumza nawe, uamuzi uliofikiwa kwenye raundi, kipimo kilichoagizwa na lini majibu yatatoka, dawa iliyoongezwa au kusimamishwa, na maswali ya kesho. Watu wengi, ndugu yao anapolazwa hospitali kubwa, hutafuta kwanza "mtu wa ndani", yule binamu wa rafiki anayefanya kazi pale. Kwa maoni yangu daftari hilo lina faida kuliko binamu huyo. Mtu wa ndani anaweza kukufungulia mlango mara moja, lakini daftari litamwonyesha daktari mpya, siku ya Jumatatu, kwamba kipimo kilichoagizwa Alhamisi hakijachukuliwa hadi leo.

Jifunze nani ni nani. Bingwa huamua mwelekeo wa tiba na huonekana zaidi kwenye raundi kuu. Daktari anayesomea ubingwa na yule wa mafunzo kwa vitendo ndio walio karibu na mgonjwa kila siku. Muuguzi ndiye anayejua kama dawa imetolewa kweli. Kwa swali kuhusu mpango wa tiba, mwone daktari. Kwa swali kuhusu homa ya usiku uliopita, mwendee sista aliye zamu.

Hatua ya 5: Kazi za mkono wako kitandani

Wauguzi ni wachache kuliko vitanda, na baadhi ya kazi zinazoamua kama mgonjwa atapona vizuri huangukia kwa ndugu, iwe zimeandikwa au hazijaandikwa. Ya kwanza ni mikono. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, au jisugue kwa kitakasa mikono kwa sekunde 20 hadi 30, kabla ya kumgusa na baada ya kumgusa, na usitoke kitandani pa mgonjwa wako kwenda kumsaidia wa jirani bila kuosha tena. Vijidudu vya hospitalini vimezoea dawa nyingi, na huduma ya wema kwa jirani ni njia yao moja ya kusafiri.

Ya pili ni kumgeuza mgonjwa asiyeweza kujigeuza. Muulize muuguzi kama inaruhusiwa, hasa kwa mwenye jeraha la uti wa mgongo au nyonga, kisha mgeuze kila baada ya saa 2 hivi, ukitazama visigino, nyonga na mfupa wa juu kidogo ya matako. Ngozi ikiwa nyekundu au, kwa mwenye ngozi nyeusi, ikiwa imeiva rangi kuliko sehemu za jirani, na isirudi hali yake ukiibonyeza na kuiachia, kidonda kimeshaanza chini yake. Shuka kavu lisilo na mikunjo husaidia kuliko mafuta ya kila aina.

Ya tatu ni chakula, na hapa mapenzi huua. Mgonjwa aliyepata kiharusi anaweza kuonekana ana njaa, akafumbua mdomo, akapokea kijiko cha uji, na uji huo ukaingia njia ya hewa bila hata kukohoa. Siku mbili baadaye ana nimonia. Asilishwe chochote kwa mdomo, hata maji, mpaka uwezo wake wa kumeza umepimwa. Akiruhusiwa, aketi wima, apewe kidogo kidogo, abaki amekaa kwa nusu saa. Mgonjwa wa figo naye asiletewe madafu, ndizi au juisi ya matunda kwa nia ya kumpa nguvu, kwa kuwa vyakula hivyo vina potasiamu nyingi ambayo figo zilizochoka haziwezi kuitoa, na potasiamu ikizidi moyo unaweza kusimama ghafla. Uliza kwanza kila unapobadilisha chakula.

Anayeweza kutembea atembezwe, hata hatua chache hadi dirishani, kama daktari ameruhusu, kwa sababu kulala muda mrefu huleta damu kuganda kwenye mishipa ya miguu na mapafu kujaa.

Hatua ya 6: Tambua kuzorota na ukuseme kwa maneno yanayosikika

Ndugu huona mabadiliko kabla ya mashine, kwa kuwa anamjua mgonjwa. Dalili za kuripotiwa papo hapo ni hizi: kupumua kwa kasi au kwa shida, kuchanganyikiwa au usingizi usio wa kawaida, mkojo kupungua sana, mikono na miguu kuwa ya baridi huku akitoka jasho, kutokwa damu, mguu mmoja kuvimba na kuuma. Mtu mzima aliyetulia kwa kawaida hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Ukihesabu dakika nzima ukapata 30, hilo ni jambo la dharura hata kama hana homa.

Namna ya kusema ina uzito wake. "Sista, hali si nzuri" ni maneno ambayo wodi yenye vitanda 40 huyasikia kutwa nzima. Sema: "Sista, samahani, kitanda namba 12. Asubuhi alikuwa ananijibu, tangu saa nane mchana hajibu vizuri, anapumua mara 30 kwa dakika na mfuko wa mkojo haujaongezeka tangu asubuhi." Usiposikilizwa, mtafute msimamizi wa wodi, kisha uombe daktari wa zamu aitwe, kisha nenda dawati la huduma kwa wateja. Fanya hivyo kwa heshima na bila kurudi nyuma. Saa ya kubadilishana zamu ndiyo hatari zaidi, kwa hiyo kama kuna jambo linaloendelea, lirudie kwa muuguzi anayeingia hata kama ulishamwambia anayetoka.

Mgonjwa akihamishiwa chumba cha uangalizi maalumu, muda wa kumwona utafupishwa. Wagonjwa wengi humo huchanganyikiwa, huona vitu visivyokuwapo na hutaka kung'oa mipira ya tiba waliyowekewa mwilini; hali hiyo mara nyingi hupita. Ukiruhusiwa kuingia, mwite kwa jina, mwambie leo ni siku gani na yuko wapi, mpe miwani yake au kifaa cha kusikia. Hayo ni sehemu ya tiba.

Hatua ya 7: Siku ya upasuaji

Kabla ya kuweka sahihi kwenye fomu ya ridhaa, mgonjwa au mwakilishi wake ajue kinachofanyika ni nini, upande gani wa mwili, faida yake, hatari zake, na kitatokea nini asipofanyiwa. Kusaini fomu usiyoielewa kwa sababu foleni inakungoja si ridhaa.

Kwa kawaida mgonjwa huacha kula saa 6 au zaidi kabla ya kulazwa usingizi, na huacha maji matupu saa 2 kabla, lakini fuata alichoagiza daktari wa usingizi. Ondoa meno ya bandia, vito na rangi ya kucha. Hina nyeusi vidoleni nayo huweza kuvuruga kifaa cha kupima oksijeni, na bibi harusi aliyepata dharura aachiwe angalau kidole au sikio la kubandikia kifaa. Wachangia damu waende mapema: awe na miaka 18 hadi 65, uzito wa kilo 50 au zaidi, na afya njema. Damu haiuzwi.

Ukiona timu inamuuliza mgonjwa jina lake na upande unaopasuliwa mara ya tatu, usidhani kwamba hawamjui. Wanafuata orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, ambayo ilijaribiwa katika hospitali 8 duniani, mojawapo ikiwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ya Ifakara, sambamba na hospitali za miji kama London, Toronto na Manila. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha vifo vya waliopasuliwa vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Orodha hiyo haikuhitaji mashine mpya yoyote. Ilihitaji watu wasimame, waulizane na wajibizane kwa sauti.

Hatua ya 8: Msiondoke na karatasi ya ruhusa pekee

Neno "ruhusa" huleta furaha, na furaha hiyo ndiyo inayosahaulisha mambo. Kabla ya kufunga mizigo, mwombe daktari au muuguzi akueleze ugonjwa uliothibitishwa, dawa zipi zinaendelea na kwa muda gani, zipi za zamani zimesimamishwa, kidonda kisafishwe wapi na nyuzi zitolewe lini, dalili zipi zimrudishe mgonjwa haraka na kwa namba gani ya simu. Kisha wewe umrudishie maelezo hayo kwa maneno yako mwenyewe ili akusahihishe.

Uliza hasa kuhusu majibu ambayo hayajatoka. Kipimo cha kinyama, yaani kipande kidogo kilichokatwa mwilini ili kichunguzwe maabara, huchukua siku au wiki kadhaa, na wapo wagonjwa wanaoruhusiwa kidonda kikiwa kimepona huku majibu yao ya saratani yakikaa maabara bila mwenyewe. Andika namba ya kipimo, mahali pa kuchukulia na jina la kliniki itakayoyasoma, ili rufaa ya kwenda Ocean Road au Bugando, kama itahitajika, isicheleweshwe na karatasi iliyolala.

Ikiwa madaktari wamesema ugonjwa hauponyeki tena, ombeni kuunganishwa na huduma ya tiba shufaa, yaani ya kupunguza maumivu na mateso, kabla ya kuondoka. Maumivu ya saratani yanatibika, ikiwamo kwa morfini ya maji, na familia inayorudi kijijini bila mpango wa maumivu itarudi usiku kwa gari la kukodi.

Hatua ya 9: Kliniki ya marudio

Chukua mfano wa aliyewekewa valvu ya bandia ya chuma katika moyo: hutumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yake yote, na dozi hupangwa kwa kipimo cha damu kiitwacho INR, kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kwa kiasi gani. Ikishuka mno, damu huganda kwenye valvu. Ikipanda mno, mgonjwa huvuja damu, hata ubongoni. Kwa hiyo, kabla ya kuondoka Dar es Salaam, uliza ni hospitali gani ya karibu na nyumbani inayopima INR, na ombeni barua ya kumtambulisha mgonjwa huko. Mchicha, matembele na kisamvu havikatazwi. Kinachotakiwa ni kula kiasi kisichobadilika sana wiki hadi wiki, kwa sababu vitamini K iliyomo hupingana na dawa hiyo. Dawa za maumivu za dukani kama diklofenaki na aspirini asizimeze bila kuuliza. Msichana mwenye valvu hiyo anayepanga kupata ujauzito aende kliniki kabla ya kushika mimba, kwa kuwa warfarin huweza kumdhuru mtoto tumboni na kuiacha ghafla humweka mama hatarini.

Kwa safari ndefu ya basi baada ya upasuaji, mgonjwa ashuke kila kituo na kutembea dakika chache. Daftari, karatasi ya ruhusa na namba ya faili vikae naye ndani ya basi, visiwekwe kwenye buti.